Moto Uliotembea Chini ya Majani

Mwezi wa tisa mwaka jana nilikwenda Kilolo kumchukua baba. Nilikuwa nimemwomba miaka mitatu mfululizo aje aishi nami hapa Ilomba, na miaka yote mitatu alinijibu kwamba Mbeya ni mjini mno kwake, na kwamba kuku wake hawana wa kuwaachia. Safari hii alipiga simu mwenyewe, akasema neno moja tu: "Njoo." Nikafunga kibanda changu cha ushonaji pale mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, nikabandika karatasi mlangoni ya kuwaomba wateja radhi, nikapanda basi la alfajiri. Nililala Iringa. Kesho yake kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimesimama uani kwetu.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, koti lake zito limefungwa vifungo vyote, begi moja miguuni. Kuku alikuwa ameshawagawa kwa majirani. Nikadhani tutaondoka saa ile ile, kumbe alikuwa na jambo.

"Kabla hatujaenda," alisema, "nipeleke kule juu msituni. Miguu hainipeleki tena peke yangu."

Kule juu sikuwa nimefika tangu nina miaka kumi na moja, na kila nilipokuja kusalimia nilikuwa na sababu ya kutofika: mara mvua, mara mtoto mgongoni, mara basi la kurudi linaondoka mapema. Ngoja nikueleze kwanza pale palikuwaje, ndipo utaelewa kwa nini na mimi miguu yangu ilikuwa mizito.

Wewe uliyekulia sehemu kavu, ukisikia msitu pengine unawaza miti. Sisi tuliolelewa ukingoni mwa msitu ule tuliujua zaidi kwa chini kuliko kwa juu. Juu kulikuwa na kiza na ukungu, na nyani waliowatukana watu wakapita. Mambo yote yalikuwa chini. Majani yalidondoka mwaka mzima, machache machache, na hayakurundikana kamwe, maana yalikuwa yanaliwa. Ukifunua yale ya juu unakuta mengine ya rangi ya kahawa, laini kama ngozi iliyolowekwa. Ukifunua hayo unakuta yaliyobaki mishipa mitupu, kama kipande cha chandarua. Chini yake nyuzi nyeupe za uyoga zimeshikamana kama uzi uliochanganyika kwenye droo ya fundi. Halafu udongo wenyewe, mweusi, wa baridi, ambao ukiuminya unatoa maji na ukiunusa unajisikia njaa. Mkono wa mtu mzima ulizama pale mpaka kwenye kiwiko bila kugusa kitu kigumu.

Aliyenifundisha kufunua ni bibi, mama yake baba. Mama yangu sikumfahamu. Alifariki nikiwa bado nanyonya, na bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mnusa ugoro, ambaye aliwacheka watu waliojikwaa. Alikuwa na mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Tulikwenda naye kuokota kuni na kutafuta uyoga, na kila tulipovuka mpaka wa shamba kuingia msituni alinipiga kidogo begani.

"Kanyaga taratibu. Humu chini kuna watu wako kazini."

Hao watu walikuwa jongoo wakubwa, weusi, wanaong'aa kama viatu vya askari. Walikuwa nyungunyungu wanene kama kidole gumba, konokono wenye nyumba nyembamba hata unaona mwili kwa ndani, mbawakawa wenye pembe, vyura wadogo kuliko kucha yangu ambao hawakuhitaji bwawa, majani yale mabichi yaliwatosha. Na alikuwepo sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija, ambaye hutembea akichokoachokoa majani kutafuta wadudu. Ukimshtua anapiga ardhi kwa mguu, tap tap tap, anatoweka. Bibi alimpenda sange kuliko mbwa wetu. Alisema sange ni fundi mkuu, anakagua kazi ya wengine.

Nyumbani tulikula ule uyoga na ugali, umepikwa kwa karanga za kutwanga. Siku za baridi ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu uliposhuka mpaka kwenye mapaa, tuliukaanga ukiwa mkavu kutoka darini juu ya moshi. Maji tuliyakinga kwenye chemchemi iliyotoka chini ya msitu, na bondeni tulikuwa na vinyungu, zile bustani za matuta kwenye udongo wa majimaji, ambako bibi alilima njegere na mahindi mabichi wakati wengine wanangoja masika. Sikujua wakati ule kwamba chemchemi na vinyungu na uyoga ni kitu kimoja na yale majani. Nilidhani kila kitu kipo kwa sababu kipo.

Jirani yetu wa karibu alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi. Mianzi yake ilikuwa nyuma ya nyumba, upande wetu, na asubuhi masika yanapokolea nilisikia akipita na kisu chake akikata vichwa vya mianzi michanga, akiimba wimbo usio na maneno. Ulanzi wa asubuhi haujachacha, ni mtamu kama maji ya muwa, tuliuita mtogwa. Alinimiminia kwenye kikombe cha mwanzi kabla sijakwenda shule. "Kunywa, binti, mwalimu akuone unang'aa." Yeye na baba walikuwa marafiki wa kukaa kimya. Wangeweza kukaa ukutani jioni nzima, maneno sita.

Kisha ikaja ile miaka miwili.

Mwaka wa kwanza masika yaliisha mapema, na watu walilalamika kama kawaida. Mwaka wa pili mvua zilichelewa, zikaja chache, zikakata mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Lakini lililomtia bibi hofu halikuwa mvua. Lilikuwa ukungu. Mwezi wa sita ulipita, wa saba ukapita, anga nyeupe, safi, na ule ukungu wa kulowesha nguo kambani haukushuka. "Kiangazi tunakijua," alisema. "Hiki si kiangazi, hiki ni kitu kingine."

Miti ikaanza kumwaga majani. Si machache machache: ilimwaga yote kwa mkupuo, mabichi na ya manjano, kama mtu anayevua nguo kwa homa. Nilifurahi mwanzoni, kwa sababu jua liliingia mahali ambapo sikuwahi kuliona. Yakarundikana. Yalifika kwenye vifundo vyangu vya miguu, kisha kwenye goti. Hakuna aliyekuwa akiyala. Jongoo walianza kujitokeza barabarani mchana, makumi kwa makumi, wakishuka kuelekea bondeni, na wengi hawakufika; walijikunja pete, wakaiva juani, wakageuka weupe. Watoto wenzangu waliwavunjavunja kwa miguu kwa ajili ya mlio. Uyoga haukuota. Siafu, ambao kila mwaka walitufukuza ndani ya nyumba angalau mara moja, hawakuonekana. Jirani alikata mianzi yake kila asubuhi, akakuta vikombe alivyotegesha kukinga utomvu ni vitupu, vina inzi wawili watatu. Aliacha kuimba.

Shuleni mwalimu wetu wa sayansi alituagiza tulete udongo mweusi wa msituni kwa ajili ya miche, kama kila mwaka. Tuliuleta. Aliushika, ukamtoka vidoleni kama unga. Aliutazama muda mrefu, akatuambia tukae chini, akafundisha hesabu.

Ndugu yangu, ninakaribia sasa mahali ambapo sijawahi kumfikisha mtu wa nje.

Shamba letu lilipakana na msitu. Kila mwaka, mwezi wa kumi, baba alifyeka magugu na mabua, akaacha yakauke, akachoma. Pande tatu za shamba alichonga barabara ya moto, ukanda mpana wa ardhi tupu ili moto usivuke. Upande wa msitu hakuchonga kitu. Hakuna aliyechonga. Moto ukifika kwenye yale majani mabichi ulikohoa ukafa, na mambo yalikuwa hivyo tangu babu wa baba. Msitu wenyewe ndio uliokuwa ukuta.

Lakini bibi alikuwa na desturi yake. Siku moja kabla ya kuchoma alikwenda ukingoni, akaingiza mkono chini ya majani mpaka kwenye kiwiko, akarudi na kumwambia mwanawe, "Pamelowa, choma." Mwaka ule mguu wake ulikuwa umevimba, hakuweza kupanda. Baba alikuwa mlangoni, panga mkononi, amechoka, mvua za kwanza zikisemekana ziko njiani.

"Mtume huyu," bibi alisema akinielekeza kwa kidevu. "Anajua. Nimemfundisha mwenyewe."

Ukiwa na miaka kumi na moja, hakuna kitu kitamu kama kutumwa kazi ya mtu mzima. Nilipanda ule mlima mbio.

Nilipovuka mpaka nilikanyaga taratibu kama nilivyofundishwa, lakini majani yalilia. Kila hatua ililia kama sahani zinazovunjika. Nikasimama, kimya. Nikaenda tena, sauti ikanifuata, na kwa jinsi ilivyorudi kutoka kwenye miti niliona kama kuna mtu nyuma yangu anayekanyaga ninapokanyaga. Sikusikia tone. Sikusikia chura. Niliendelea mpaka kwenye gogo ambapo bibi hupimia. Pembeni ya gogo alikuwa amelala sange. Alikuwa amekauka, mwepesi, ngozi imeshikana na mbavu, ile pua yake ndefu imechomekwa kwenye majani kana kwamba alikuwa bado anatafuta. Nilimtazama labda kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha nikakimbia.

Sikuingiza mkono. Hilo ndilo ninalotaka kukwambia. Nilishuka mpaka bondeni, nikakaa kwenye vinyungu vya bibi nikihema, nikaona aibu. Kazi ya kwanza ya kiutu uzima na nimekimbia mnyama aliyekufa. Katikati ya matuta palikuwa bado na tope kidogo. Nikachovya mkono, nikajipaka mpaka kwenye kiwiko, nikajaza na kucha.

Baba alikuwa ananoa panga. "Mkono umefika wapi?"

"Hapa," nikamwonyesha.

"Pamelowa?"

"Pamelowa, baba."

Alinitazama mkono, akanitazama uso. Akasema, "Haya, nenda kanawe."

Kesho yake asubuhi alichoma. Upepo haukuwepo, moto ulikwenda vizuri, ukafika ukingoni mwa msitu na ukaonekana kufa, kama siku zote. Jirani alikuja kusaidia kuuchunga, na tulipomaliza tulifukua viazi tulivyochimbia kwenye majivu, tukala tumesimama, midomo myeusi. Nilicheka sana siku ile. Nilijiambia kwamba uongo wangu haukuwa na madhara.

Siku ya tatu tulisikia harufu. Hapakuwa na moto wa kuonekana, ila kati ya miti moshi ulikuwa unatoka ardhini, taratibu, hapa na pale, kama mvuke unaponyanyua kifuniko cha chungu. Baba alipanda mbio na jembe, nami nyuma yake. Alifunua majani kwa mguu. Chini yake kulikuwa na mstari mwekundu mwembamba kama kidole, hauna miali, hauna sauti, unakula yale majani makavu na ile mizizi midogo na ule udongo wa majani uliokuwa umekauka kama tumbaku. Aliuzima. Ukatokea nyuma yake. Aliuzima tena, na hatua ishirini zaidi ndani ya msitu moshi mwingine ukanyanyuka.

Jirani ndiye aliyefika kwanza. Kufikia mchana walikuwepo wanaume wa kijiji karibu wote, na mwalimu alituleta wanafunzi na matawi ya kupigia na ndoo. Lakini maji yalitoka wapi? Chemchemi ilikuwa inatoa kama jicho linalolia. Wakaamua kuchimba mtaro kuuzunguka moto, kwenda chini mpaka kwenye udongo mwekundu. Walichimba siku mbili. Nakumbuka sauti ya majembe yakikata mizizi, na wanaume wakikohoa, na baba asiyeongea na mtu, anachimba kama mtu anayefukia kitu.

Siku ya pili ya kuchimba, alasiri, hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nyasi. Tulikuwa tumekaa kando tukila mahindi ya kuchemsha. Mti mmoja mkubwa uliokuwa bado na majani kileleni, shina lake zima, halina alama ya moto, ulianza kuinama. Haukuvunjika. Haukulia. Chini mizizi yote ilikuwa imeshaliwa na hakuna aliyejua. Ulikwenda kama mtu mzee anayetafuta pa kukaa, na jirani yetu alikuwa ameinama ndani ya mtaro, mgongo kwetu.

Baba alikuwa hatua kumi kutoka pale. Alipiga kelele, "Kaka! Kaka toka!" Jirani aliinua kichwa kumtazama baba, si kuutazama mti.

Sitasema zaidi ya hapo.

Tulimzika kesho yake mchana. Moshi ulikuwa bado unaonekana juu ya mlima wakati watu wanatupa udongo. Kwenye mkutano wa kijiji baba alisimama kabla hajaitwa. Alisema, "Mimi ndiye niliyechoma," akakaa. Watu walinung'unika, lakini hakuna aliyemsukuma, maana kila mmoja alijua kwamba mwaka ule angeweza kuwa yeye. Mjane alikuwa amekaa mbele, amefunikwa kanga mpaka machoni. Alisema maneno machache: "Mume wangu alikwenda kwa rafiki yake. Niacheni."

Kuanzia msimu ule baba alilima shamba la mjane kabla ya kulima letu. Alifyeka, alipanda, alipalilia, alivuna, akamletea mpaka mlangoni, kisha ndipo akaja kwetu, na mara nyingi mvua zilikuwa zimeshamtangulia. Hakuna aliyemtuma. Mjane alimpikia chai, akaiweka kwenye kigogo mwisho wa shamba, akaondoka.

Bibi aliniuliza mara moja tu. Alikuwa amelala, mguu juu ya mto, mimi namchua kwa mafuta. "Ulifikisha mkono, wewe?" Nikasema nilifikisha. Akasema, "Haya," kwa sauti ile ile aliyoitumia baba, na hakunipeleka tena msituni. Alifariki nikiwa darasa la saba.

Mvua zilikuja hatimaye, kubwa, za hasira, mwezi mzima baada ya moto. Mlimani hapakuwa na majani ya kuzipokea. Zilipiga ardhi tupu, zikashuka na majivu na kila kilichobaki cha ule udongo mweusi, zikaumwaga bondeni. Mto ulikuwa mweusi kama wino kwa siku kadhaa, kisha ukawa mwekundu. Vinyungu vya bibi vilifunikwa. Kule juu yakabaki mawe na udongo mgumu wa rangi ya tofali, ambao hata kidole hakizami.

Nilisoma, nikaolewa Mbeya, nikajifunza kushona, nikazaa. Huo ndio mzigo niliokuwa nao siku ile baba aliponiambia nimpeleke.

Tulipanda polepole, mkono wake begani kwangu, tukisimama kila baada ya muda kidogo. Njiani mama mmoja alitusalimia, "Kamwene!" na baba akaitikia bila kusimama. Sehemu yote iliyoungua upande wa chini sasa ni shamba la mipaini la mtu asiyeishi pale. Mipaini imesimama kwa mistari, mirefu, na chini yake sindano zake kavu zimetandikwa unene wa godoro. Nilizisukuma kwa kiatu. Hakukuwa na kitu kinachotembea. Juu zaidi ya mipaini kuna magugu na vichaka, na mbali kabisa, ng'ambo ya mtaro wa zamani ambao sasa ni bonde dogo tu, msitu unaanza tena. Watu waliuokoa ule upande. Hata hivyo ukiutazama vizuri unaona mwanga kati ya miti.

Baba aliketi kwenye jiwe. Nilibaki nimesimama. Nikaona kwamba nisipolisema pale, nitalisema kwenye kaburi lake, na hapo halitakuwa na maana.

"Baba," nikasema, "siku ile sikuingiza mkono. Nilimwona sange amekufa nikaogopa. Lile lilikuwa tope la bondeni."

Hakushtuka. Alifungua kifungo cha juu cha koti.

"Najua," akasema.

"Bibi alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Tope la bondeni lina rangi yake, mwanangu. Nimelilima maisha yangu yote." Alipumua. "Na mimi nilikwenda. Asubuhi, kabla sijawasha, nilikuja hapa nikaingiza mkono mwenyewe. Palikuwa pakavu. Mpaka mwisho, pakavu. Nikasimama. Nikatazama mawingu. Nikasema, huu msitu haujawahi kuungua. Nikarudi nikawasha."

Niligeuka nikautazama ule mtaro wa zamani.

"Uliposema pamelowa," aliendelea, akitazama mikono yake, "nilijua si kweli, na nikafurahi. Unanielewa? Nilipata kitu cha kushikilia. Nikasema moyoni, mtoto kasema pamelowa. Mtoto wa miaka kumi na moja. Nikakuacha ubebe. Nilikuwa nakuona unavyobeba, tangu siku ile mpaka umeolewa, na nikanyamaza."

Upepo ulipita kwenye mipaini kwa ile sauti yake ya kufagia. Nilikaa chini karibu naye. Nilitegemea kukasirika, au kujisikia mwepesi. Vyote viwili havikuja. Ukibeba ndoo ya maji kichwani safari ndefu kisha ukaitua, shingo inaendelea kuwa ngumu kana kwamba ndoo bado ipo. Nilikuwa hivyo.

"Nilitaka nimwambie yeye kwanza," baba akasema. Nilijua anamsema mjane. "Kila msimu nilisema, nikimaliza kupanda nitamwambia. Nikimaliza kuvuna nitamwambia. Ananiwekea chai pale kwenye kigogo, nainywa, narudi nyumbani. Ametutoka mwezi wa sita. Nimechimba kaburi kwa mikono hii. Kisha nikaona sina tena shamba la kulima, ndipo nikakupigia."

Tulishuka. Njia inapita mbele ya nyumba ya mjane. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kipande cha waya, na mianzi nyuma ya nyumba, isiyokatwa na mtu, ilikuwa imejisokota ikawa pori. Baba alivua kofia alipopita. Hakusimama.

Sasa yuko hapa Ilomba. Ameizoea baridi yetu, analalamikia mchele wetu, na jioni wanangu humkalia miguuni awasimulie. Wanaupenda ule msitu. Anawaambia kuhusu vyura wadogo kuliko kucha, na jongoo, na mnyama mwenye pua kama mrija, na wanacheka, wanadhani anatunga. Mwanangu wa mwisho aliniuliza kama tunaweza kwenda likizo kuwaona. Nilimwambia ni mbali.

Wataalamu na wanakijiji wanasema msitu utarudi ukiachwa upumzike. Miti labda, mimi sibishi. Ila nafikiria wale wa chini, ambao hakuna mkutano ulioitishwa kwa ajili yao. Jirani tulimzika, na kaburi lake nalijua. Wao hakuna aliyewazika. Kila mmoja wao alikuwa na jina lake kwa Kihehe, hata yule mdudu mdogo mweupe anayeruka ukifunua jani, na bibi alinifundisha yote, akinipiga begani nilipokosea. Juzi nilijaribu kuyataja na baba. Tulifikisha majina saba, tukakwama. Tulikaa pale barazani, mtu mzima na mzee, tukitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake akumbuke la nane.